Ametimiza sifa za Udaktari wa Tiba lakini hakuchaguliwa: vyuo vikuu huchaguaje waombaji?

Mjomba wa Nyakato ameuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ufafanuzi kutoka kwa wanaoujua udahili wa vyuo vikuu kwa undani, kwa sababu maelezo niliyoyapata hapa mtaani yanapingana, na kila ninayemuuliza hunijibu kwa uhakika unaozidi ushahidi alionao.

Mpwa wangu, binti, amemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Amepata C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia, na matokeo yanaonyesha Daraja la Pili, pointi 10. Kwa kuwa yuko kambini Rwamkoma kwa mafunzo ya JKT ya mujibu wa sheria, mimi ndiye niliyemwombea vyuo. Nilisoma mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, nikaona kwamba Shahada ya Udaktari wa Tiba inahitaji ufaulu katika masomo yote matatu, Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa pointi zisizopungua 6, na hakuna somo linaloruhusiwa kushuka chini ya D. Nikaridhika kwamba mtoto mwenye pointi 10 amekivuka kiwango hicho kwa mbali. Niliomba vyuo viwili, kimoja cha umma na kimoja cha binafsi, na katika vyote viwili nikaweka Udaktari wa Tiba kuwa chaguo la kwanza na Famasia la pili. Majina ya awamu ya kwanza yametoka, naye hayumo popote.

Kinachonitatiza zaidi ni kijana wa jirani yetu hapa Nyakato. Mama yake ananiambia kwamba amepata pointi 7 katika tahasusi ileile, na amechaguliwa vyuo vitatu. Mwenye pointi 7 anapataje vyuo vitatu, na mwenye pointi 10 akose hata kimoja? Mama mwenyewe anasema ni kudra ya Mungu. Wengine wananinong'oneza kwamba kuna mtu anayemjua huko. La pili sipendi kuliamini bila ushahidi, lakini sina maelezo mengine ya kuweka mahali pake.

Kwa hiyo nauliza: chuo kinapokuwa na waombaji wengi wenye sifa kuliko nafasi zilizopo, hutumia kigezo gani kuwachagua? Mpangilio wa machaguo una uzito wowote? Dirisha la pili, yaani awamu ya pili ya maombi, ni fursa ya kweli au ni makombo? Aidha, yupo bwana mmoja karibu na stendi ya Buzuruga anayedai kwamba kwa laki tatu anaweza kulisukuma jina likaingia. Sijampa hata senti, ila ningependa kujua kama jambo hilo linawezekana.

Mwalimu wa Taaluma, Magu:

Ndugu Mjomba wa Nyakato, pole kwa usumbufu. Kabla ya kuuliza chuo kimechaguaje, ni lazima tutenganishe hesabu mbili ambazo zinaitwa kwa jina moja la pointi, kwa maana zinakwenda pande tofauti na wazazi wengi wanaofika ofisini kwangu kila Julai huzichanganya.

Pointi 10 ulizoziona katika matokeo ya Baraza la Mitihani ni za kupangia daraja. Katika hesabu hiyo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, na mwenye jumla ndogo ndiye aliyefaulu zaidi: Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9, la Pili ni 10 hadi 12, la Tatu ni 13 hadi 17. Pointi 6 ulizozisoma katika mwongozo wa TCU ni za udahili, nazo huhesabiwa kinyume chake, yaani A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na mwenye jumla kubwa ndiye anayetangulia. Hii ni kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016. Wa miaka ya 2014 na 2015, ambao matokeo yao yalikuwa na alama ya B+, wana hesabu yao. Mwanafunzi aliyepata kati ya A na E katika masomo yake yote matatu anaweza kutumia njia ya mkato: atoe pointi za daraja katika 18, na jibu litakuwa pointi zake za udahili.

Fanya hesabu hiyo kwa watoto wako wawili. Mpwa wako ana 18 kutoa 10, yaani pointi 8. Kijana wa jirani ana 18 kutoa 7, yaani pointi 11. Anamzidi mpwa wako kwa pointi tatu kamili, na katika programu inayogombewa kama Udaktari wa Tiba tofauti hiyo ni kubwa sana. Hapo huhitaji kumtafuta mtu anayemjua.

Sasa tazama kiwango chenyewe cha pointi 6. Mwenye D tatu ana pointi 6 za udahili, na katika hesabu ya daraja huyo ana pointi 12, ambazo ndizo za mwisho za Daraja la Pili. Maana yake ni kwamba kila mhitimu wa PCB mwenye Daraja la Kwanza au la Pili anaruhusiwa kuomba Udaktari wa Tiba, isipokuwa yule ambaye somo lake moja limeshuka chini ya D. Na huyo wa mwisho ndiye anayestahili kuhurumiwa kuliko wote. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyepata A ya Biolojia, A ya Kemia na E ya Fizikia. Alikuwa na Daraja la Kwanza la pointi 7, pointi 11 za udahili, sawasawa na kijana wa jirani yako, lakini kwa Udaktari wa Tiba hakuwa na sifa kabisa, wakati mwenzake mwenye D tatu alikuwa nazo. Wazazi wake waliona kwamba ni dhuluma. Mimi nadhani kanuni hiyo ina mantiki kwa daktari anayetakiwa kuyamudu masomo yote matatu, ingawa sikuthubutu kuwaambia siku ile.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi. Kati ya pointi 6 na pointi 15, ambazo ndizo za juu kabisa, kuna ngazi kumi tu. Cheti hakionyeshi maksi, kinaonyesha herufi. Aliyepata 60 na aliyepata 69 wote wana C. Ukiwapanga maelfu ya waombaji wa nchi nzima katika ngazi kumi, kila ngazi itakuwa na watu wengi wanaolingana, na chuo kitalazimika kuwatenganisha kwa kigezo kingine. Hapo naomba aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya udahili atusaidie, kwa sababu mimi huishia kwenye matokeo.

Steshenari Kirumba:

Shikamoo Mwalimu, shikamooni wakubwa wote. Mimi ninaendesha duka la steshenari na huduma za intaneti, na katika msimu huu huwaombea vyuo vijana wengi, kwa hiyo nitajibu yale yanayopita mikononi mwangu.

Mjomba, kwanza hakikisha ni namba gani ya simu na barua pepe gani uliyoijaza katika maombi. Mwombaji akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, hutumiwa namba maalumu ya siri kwa simu na barua pepe ili athibitishe chuo kimoja anachokitaka, na asipothibitisha ndani ya muda uliotangazwa anaweza kuipoteza nafasi yake. Baadhi ya wenzangu hujaza namba zao wenyewe na barua pepe waliyoitunga papo hapo, kisha nywila wanaisahau. Mwenye jina anakuja baadaye kuitafuta namba ya siri ambayo imekwenda kwa mtu mwingine. Wewe umemwombea mtoto aliye kambini, ambako simu yake huenda haipo hewani. Ikiwa ulijaza namba yake, ingia katika akaunti yake ya maombi ya chuo husika uisahihishe. Namba ya siri ikipotea inaweza kuombwa upya kupitia akaunti hiyohiyo.

Pili, namba ya mtihani wa kidato cha nne lazima iwe ileile katika vyuo vyote na hata katika maombi ya mkopo. Hiyo ndiyo inayomtambulisha mwombaji, na kwa namba hiyo mfumo huyavuta matokeo yake kutoka Baraza la Mitihani. Kosa la tarakimu moja huleta matokeo ya mtu mwingine au hukataa kabisa.

Huyo bwana wa Buzuruga nisingemwachia hata namba ya mtihani ya mtoto. Vishoka wa aina yake hungoja majina yatoke. Ukiwa umechaguliwa kwa haki yako, wanadai ni kazi yao, na ukikosa, hawapokei simu.

Karani Mstaafu wa Udahili:

Nimesoma yote kwa makini. Mwalimu ameeleza vizuri upande wa mwombaji, nami nitaeleza upande wa ofisi, kwa kuwa nilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Pasiansi.

Chuo hakijiamulii idadi ya kuchukua. Kila programu ina idadi ya nafasi iliyoidhinishwa na TCU, na idadi hiyo imechapishwa katika mwongozo uleule uliousoma, kando ya sifa za kujiunga. Watu wengi husoma safu ya sifa na kuiruka safu ya nafasi, ilhali hiyo ya pili ndiyo inayoeleza ugumu. Dirisha likifungwa, mfumo huwaondoa kwanza wasio na sifa za programu waliyoiomba, kisha huwapanga waliobaki kuanzia mwenye pointi nyingi hadi mwenye pointi chache, na kuhesabu kushuka mpaka nafasi ziishe. Wanaolingana mstarini hutenganishwa kwa utaratibu wa chuo husika. Kule nilikofanya kazi tulitazama alama za Biolojia na Kemia kwanza, na wakizidi kulingana tulikwenda kwenye matokeo ya kidato cha nne. Vyuo vingine hufanya vinginevyo. Baada ya hapo orodha hupelekwa TCU, ambayo huhakiki sifa za kila jina kabla ya chuo kutangaza. Ndiyo maana nasema kwa uthabiti kwamba jina haliwezi kusukumwa na mtu wa stendi: hata likiingizwa chuoni kwa hila, lisipopita katika uhakiki huo mwanafunzi hatambuliki, na huko Bodi ya Mikopo hatapata kitu.

Kuhusu mpangilio wa machaguo, uzito upo, lakini unafanya kazi tofauti na unavyodhani. Ulipoweka Udaktari wa Tiba la kwanza na Famasia la pili, ulifanya walichofanya karibu waombaji wote wa PCB. Mwenye pointi 10 za udahili aliyezidiwa katika Udaktari wa Tiba hushuka katika Famasia, na anaposhuka humtoa mwenye pointi 8 ambaye alikuwa ameitegemea Famasia kama mahali pa kukimbilia. Machaguo mawili yenye ushindani wa aina moja ni sawa na chaguo moja. Ningekuwa mimi, la pili au la tatu ningeliweka katika programu ambayo mwenye pointi 8 anakuwa miongoni mwa wa mbele. Mabadiliko hayo ni rahisi kwake, kwa kuwa masomo ya PCB hufungua milango mingi: hapo Bugando pekee, ukiacha Udaktari wa Tiba na Famasia, chuo kinafundisha Uuguzi na Sayansi ya Maabara ya Tiba. Nje ya afya, sharti la jumla la TCU ni pointi 4 kutoka masomo mawili yanayohusika na programu, kwa mfano D na D, au C na E, na kila chuo huweza kupandisha kiwango chake juu ya hapo.

Sasa dirisha la pili. Hapa natofautiana na wanaoliita makombo, na nitaeleza kwa nini. Kati ya mwaka 2010 na 2017 tulikuwa na mfumo wa pamoja wa udahili uliosimamiwa na TCU yenyewe. Mwombaji alijaza fomu moja, akapanga programu za vyuo mbalimbali kwa kipaumbele, na akapangiwa mahali pamoja tu. Ulipunguza gharama kwa mzazi, lakini vyuo vililalamika kwamba vinaletewa wanafunzi visivyowachagua, na vijana walilalamika kwamba wanapelekwa wasikotaka. Tangu 2017 mwombaji huomba chuoni moja kwa moja, chuo kwa chuo, na hulipa ada ya maombi kila mahali anapoomba, ambayo katika vyuo vingi ni shilingi 10,000. Matokeo yake ni kwamba wale wenye pointi 13, 14 na 15 huonekana katika orodha za vyuo vitatu au vinne kwa wakati mmoja. Kijana wa jirani yako anashika nafasi tatu leo, naye atasomea moja. Akithibitisha chuo kimoja, nafasi mbili zinabaki wazi, na hizo ndizo zinazojazwa katika dirisha la pili na wakati mwingine la tatu. Katika vyuo vya umma vinavyogombewa sana nafasi za Udaktari wa Tiba hazirudi kwa wingi, na huenda zisitangazwe kabisa. Katika vyuo binafsi hurudi zaidi, kwa sababu ambayo hatupendi kuisema hadharani: ada ya mamilioni kadhaa kwa mwaka huwapunguza waombaji kuliko mtihani wa Fizikia.

Kwa hiyo usiombe tena kwa mazoea. Kila chuo hutangaza programu ambazo bado zina nafasi. Soma orodha hiyo kwanza, ndipo ulipe.

Mzaliwa wa Ukerewe:

Nawashukuru kwa maelezo, lakini naona mmeeleza jinsi mfumo unavyofanya kazi bila kuuliza kama unafanya haki. Mtoto aliyesoma katika shule ya kisiwani, ambako mwalimu wa Fizikia huja na kuondoka, na ambako majaribio ya maabara hufanywa kwa kuchorewa ubaoni, akapata D, anapangwa katika mstari mmoja na aliyesoma katika shule yenye maabara tatu na walimu wa ziada jioni. Mstari ule unazipanga shule zaidi kuliko unavyowapanga watoto, na anayesema kwamba pointi ni pointi hajawahi kuvuka kwenda Ukara wakati wa mitihani ya vitendo.

Tena si kweli kwamba nchi hii haijawahi kufikiria vinginevyo. Hapa hapa kwenye ziwa letu, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kufaulu kidato cha sita peke yake hakumfikishi mtu chuo kikuu. Baada ya jeshi la kujenga taifa, mhitimu alitakiwa kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na kuletewa mapendekezo mema ya mwajiri na ya chama. Walikuwa wanajaribu kupima kitu ambacho karatasi ya mtihani haikioni.

Karani Mstaafu wa Udahili:

Ndugu Mzaliwa wa Ukerewe, hoja yako kuhusu shule naikubali, lakini mfano wa Musoma una upande wa pili ambao sisi tuliokuwa vijana wakati huo tunaujua. Idadi ya wasichana wanaoingia chuo kikuu ilishuka, kwa sababu katika ile miaka ya kusubiri wengi waliolewa au waliajiriwa na hawakurudi, na haikuchukua muda kabla ya serikali kuwaruhusu waingie moja kwa moja. Na yale mapendekezo ya chama na mwajiri, ambayo yalikusudiwa kupima tabia, yalimpa mkuu wa kazi nguvu ya kumzuia kijana asiyempenda. Pointi ni kigezo kikavu, lakini angalau mzazi wa Nyakato anaweza kukihesabu mwenyewe kwa kalamu na kujua kama mwanawe ameonewa.

Ninachokiunga mkono ni njia nyingine: kumwandaa mwanafunzi badala ya kumshushia kipimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha kozi za maandalizi kwa wasichana waliokaribia sifa za sayansi na uhandisi, wakasoma kwanza, wakapimwa, ndipo wakaingia. Jambo kama hilo lingefaa sana kwa wahitimu wa visiwani. Linagharimu fedha, na pengine ndiyo sababu halienei.

Mzaliwa wa Ukerewe:

Kuhesabu kwa kalamu hakumfariji mtu ambaye alama yenyewe ilipungua kwa kukosa mwalimu. Lakini kuhusu kozi za maandalizi tuko pamoja.

Afisa Tabibu wa Sengerema:

Naomba niongeze njia ambayo haijatajwa, kwa sababu ndiyo niliyoipitia. Mhitimu wa kidato cha sita au hata cha nne mwenye masomo ya sayansi anaweza kusoma Stashahada ya Utabibu kwa miaka mitatu katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kisha akaomba Udaktari wa Tiba kwa sifa linganishi. Huko hashindanishwi kwa pointi za kidato cha sita. Hutazamwa wastani wake wa stashahada, ambao haupaswi kuwa chini ya GPA ya 3.0, na huomba kwa kutumia namba ya uhakiki wa tuzo anayoipata kwa njia ya mtandao kutoka NACTVET. Mwongozo wa waombaji wa aina hii ni kitabu cha peke yake, kwa hiyo asisome kile cha kidato cha sita.

Hata hivyo, tahadhari. Kwa anayepitia stashahada, matokeo ya kidato cha nne hurudi mezani: ni lazima awe na angalau D katika Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza. Ninao wenzangu wawili kazini, watu hodari kabisa wodini, wenye GPA nzuri kuliko yangu, waliokwamishwa na F ya Hisabati waliyoipata wakiwa na umri wa miaka kumi na saba. Mjomba, kabla ya kumshauri binti kupita huku, tazama kwanza cheti chake cha kidato cha nne. Na ujue kwamba GPA ya 3.0 ni kama zile pointi 6 za Mwalimu: humruhusu kuomba, lakini waliochaguliwa mwaka wangu walikuwa juu ya hapo kwa kiasi cha kutosha.

Mama wa Kyaka:

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu amesoma ng'ambo ya Mutukula na ana cheti cha kidato cha sita cha Uganda. Naye hupangwa katika mstari huohuo?

Mwalimu wa Taaluma, Magu:

Mama, hupangwa humo, lakini ni lazima kwanza matokeo yake yapatiwe ulinganisho na Baraza la Mitihani la Tanzania, ya kidato cha nne na ya sita yote mawili, ili alama zake zisomeke kwa kipimo cha hapa. Mfumo wa chuo hauwezi kuyavuta matokeo ya Uganda kama unavyoyavuta ya Tanzania. Shughulikieni mapema, kwa kuwa wengi huanza dirisha likiwa limebakiza siku chache.

Mjomba wa Nyakato:

Nawashukuru nyote. Nimekwenda na karatasi kwa mama wa jirani, tukapiga hesabu pamoja ya 18 kutoa 7, na mjadala wa anayemjua nani umekwisha hapo hapo barazani. Nimefungua pia akaunti za maombi. Namba ya simu iliyojazwa ni ya mpwa wangu, na simu hiyo imefungiwa sandukuni kwangu tangu aende kambini, kwa hiyo nimeiwasha na kuiweka chaji.

Cheti chake cha kidato cha nne kina C ya Hisabati, D ya Kiingereza na sayansi zote ni B, kwa hiyo njia ya stashahada haijafungwa. Hata hivyo, mama yake anapendelea aombe Uuguzi katika dirisha la pili, kisha akishaingia ahamie Udaktari wa Tiba ndani ya chuo hichohicho. Amesikia kwamba hilo linafanyika. Linafanyika?

Karani Mstaafu wa Udahili:

Kuhama programu kunaruhusiwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, ndani ya muda mfupi unaotangazwa, kwa masharti mawili: mwanafunzi awe na sifa za programu anayohamia, na nafasi iwepo. Sharti la kwanza binti analo. La pili ndilo litakalomkwamisha, kwa sababu nafasi ya Udaktari wa Tiba inayobaki wazi hadi masomo yaanze ni adimu, na ikitokea, wanaoiomba kwa kuhama nao hupangwa kwa pointi kama waombaji wa mwanzo. Nimeshuhudia wachache wakifanikiwa. Wengi niliowaona wakiingia Uuguzi kwa mpango huo walipoteza muhula mzima wakingoja barua, na mitihani ya kwanza ikawakuta hawajafungua daftari.

Akiomba Uuguzi, aombe kwa nia ya kuwa muuguzi. Kama moyo wake uko kwenye Udaktari wa Tiba peke yake, basi achague kati ya chuo binafsi chenye nafasi katika dirisha hili, ikiwa ada yake mtaimudu, na kufanya mtihani mwakani kama mtahiniwa wa kujitegemea ili aipandishe ile Fizikia. Kwa vyovyote vile, muulizeni yeye mwenyewe kabla ya kulipia. Tafuteni njia ya kuwasiliana naye kambini, kwa maana mpaka sasa humu tumesikia maoni ya mjomba na ya mama tu.